Kipi Ufungue, Kipi Ufunge: Mbinu kwa Mtafiti wa Chuo Anayekwenda Tanga

Mwaka 2002 tauni ilikuwa bado inaua watu Tanzania, na kwa zaidi ya miaka ishirini makao yake makuu yalikuwa vijiji vya milima ya Lushoto, mkoani Tanga. Tangu ugonjwa ulipoibuka huko mwaka 1980, wilaya hiyo ilikuwa imekwisha kuhesabu wagonjwa zaidi ya 7,000. Mwaka huo Thomas Butler, daktari na profesa wa Chuo Kikuu cha Texas Tech cha Marekani, alishirikiana na madaktari wa Tanzania kulinganisha dawa mbili za tauni, jentamaisini na doksisaiklini. Ni dawa za kawaida, za bei ya chini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: wagonjwa walikuwa 65, na walioitikia vizuri matibabu ni asilimia 94 kwa dawa ya kwanza na 97 kwa ya pili. Kwa zahanati ya mlimani hizo ni habari za kuokoa maisha.

Lakini Butler hakumbukwi sana kwa hilo. Alirudi kwao na sampuli za bakteria wa tauni ndani ya mizigo yake ya safari, kama wanasayansi wengi wa kizazi chake walivyozoea. Januari 2003 akatoa taarifa chuoni kwake kwamba vichupa 30 havionekani. Marekani ilikuwa bado na hofu ya barua zenye kimeta za mwaka 2001, na makumi ya maofisa wa FBI waliingia Lubbock, mji wa chuo hicho. Butler alisema kwanza kwamba huenda aliviharibu kwa bahati mbaya, kisha akaliondoa tamko hilo. Desemba 2003 alitiwa hatiani kwa mashtaka 47 kati ya 69. Mengi kati ya hayo 47 yalihusu fedha za mikataba ya utafiti. Shtaka la kuingiza bakteria Marekani kwa magendo alilishinda. Matatu yalihusu kifurushi alichokituma kuja Tanzania, kikiwa na bakteria wa tauni, bila leseni ya kukisafirisha, huku karatasi ya nje ikieleza tu kwamba ndani mna vifaa vya maabara. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Wanasayansi wakubwa, wakiwemo washindi wa Tuzo ya Nobel, walimtetea hadharani wakisema dola imemkandamiza mtu aliyefanya kazi ya heri.

Kesi hii imeandikwa sana huko nje, na karibu kila mara Tanzania inatajwa kama anwani ya kifurushi na basi. Mimi naisoma kutoka upande wa pili. Kifurushi kilikuwa kinakuja kwetu. Mpakua mizigo wa uwanja wa ndege, karani wa forodha, dereva wa pikipiki anayepeleka barua: hakuna hata mmoja ambaye angejua amebeba nini. Na yale matokeo ya dawa, yaliyopaswa kumfikia kila mganga wa Lushoto mapema iwezekanavyo, yalisimama nyuma ya kelele za kesi. Kilichopaswa kufungwa kilizungushwa kwa uhuru. Kilichopaswa kufunguliwa kilichelewa.

Kwa hiyo ushauri ninaoutoa hapa, kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu na kwa mhadhiri anayemsimamia, unaanzia hapo. Usijiulize kama utafiti wako uwe wazi au wa siri. Utafiti mmoja una vitu vingi ndani yake: matokeo, mbinu, majina ya watu, mahali, sampuli, picha, sauti. Amua kwa kila kimoja, na uamue kabla hujapanda basi la Tanga, kwa sababu ukishafika uwandani mambo mengi yatajiamulia yenyewe na hutayarudisha.

Karatasi moja kabla ya kibali

Chukua karatasi. Andika upande wa kushoto kila kitu utakachokusanya, hata kile unachokiona kidogo. Mbele ya kila kitu jibu maswali mawili: nani ataumia hiki kikijulikana, na nani ataumia kikifichwa? Swali la kwanza kamati za maadili zitakuuliza. La pili hakuna atakayekuuliza, na ndilo linalosahaulika.

Tuseme unakwenda Lushoto kuchunguza panya na viroboto, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Sokoine na wabia wake wa Ubelgiji wameifanya kwa miaka mingi. Idadi ya panya kwa kijiji na kwa msimu: hakuna wa kuumia ikijulikana, na mganga wa wilaya ataumia ikifichwa. Fungua. Aina za viroboto: fungua. Jina la kaya iliyokutwa na panya wenye vimelea: watoto wa nyumba hiyo watatengwa shuleni. Funga. Nukta za GPS za nyumba zinatoa jibu lilelile kama jina, ingawa kwenye jedwali zinaonekana ni tarakimu tu. Funga, na ofisi ya afya ya wilaya uipe moja kwa moja, kwa maandishi. Bakteria hai: funga kwa kufuli la kweli.

Vingine vitaangukia katikati, vya kufunguliwa kwa masharti. Hapo andika masharti yenyewe: nani aombwe, atajibu ndani ya muda gani, na mwisho wa kufungwa ni tarehe ipi. Masharti yasiyo na jina la mtu wala tarehe ni kufunga kwa lugha ya upole.

Karatasi hiyo iambatanishe na andiko lako unapoomba kibali. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, na mtafiti wa kigeni anatakiwa awe na mbia wa ndani. Utafiti wa afya unapita pia kwenye kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ndani ya hifadhi ya bahari utahitaji ruhusa ya wenye hifadhi, na ukitaka kurusha droni utahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya wizara ya ulinzi. Hili la droni lichukulie kwa uzito Tanga. Ukanda wa Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, na bandari iko jirani. Mwanafunzi anayepiga picha mikoko kutoka juu bila karatasi mkononi atapoteza vifaa na muda wa kazi, na kijana wa kijijini aliyemwongoza ndiye atakayebaki kuhojiwa. Ruhusa iombe mapema na jina la huyo kijana liwemo.

Kibali, hata hivyo, kinakuambia tu kwamba unaweza kwenda. Hakikuambii uchapishe nini.

Mahali

Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakinasa silikanti, samaki ambaye sayansi ilidhani ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Wengi wamenaswa Tanga, kwenye majarife yanayotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mwaka 2011 watafiti wa Japan na Tanzania walionesha kwa vinasaba kwamba silikanti wa pwani hii ya kaskazini ni kundi la peke yake, tofauti na wenzao wa Komoro. Uwazi wa kazi hiyo uliipa hifadhi hoja nzito: ukiwapoteza hawa, hao wa Komoro hawatakurudishia.

Sasa fikiria ramani ya mapango wanamopumzika mchana, kila pango na nukta yake, imewekwa kwenye mtandao bila sharti. Silikanti yumo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambayo inakataza biashara yake ya kimataifa. Marufuku hiyo yenyewe inaweza kumpandisha bei kwa wakusanyaji.

Hofu hii ina ushahidi. Mwaka 2006 wanasayansi waliandika katika jarida la Science jinsi mjusi mmoja wa China, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1999, alivyofuatwa mara moja na wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga mpaka akatoweka pale alipopatikana kwanza. Nyumbani tunaye mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliyekusanywa kwa maelfu kwa soko la Ulaya na Marekani kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya kwanza ya CITES mwaka 2017. Na Tanga imelijua jambo hili zamani zaidi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu katika nchi nyingi za dunia, wakati baadhi ya aina za porini zimebaki kwenye miamba michache ya misitu inayopungua. Historia haina upande mmoja: mkonge ulioijenga Tanga nao ulikuja kwa njia ya aina hiyo, mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na ikafika hai 62. Mimea ya dunia imehama hivyo. Kinachotuhusu leo ni kwamba ua la porini lililobaki kwenye mwamba mmoja tu likichimbwa hapo, halitahamia popote tena.

Namna ya kufanya ni hii. Nukta ya GPS yenye tarakimu tano baada ya desimali inamfikisha mtu kwenye mita moja. Ukibakiza mbili, unamfikisha kwenye eneo la takriban kilomita moja. Ukibakiza moja, kilomita kumi na moja. Kwa kiumbe anayewindwa, tarakimu moja inatosha kuonesha anaishi upande gani wa milima au wa bahari. Takwimu zinazoingia GBIF, hifadhidata ya dunia ya bioanuwai, zinaruhusiwa kupunguzwa hivyo, mradi uandike wazi kwamba umepunguza, kwa sababu gani, na nani aombwe zile kamili. Kupunguza kimyakimya ni kosa, maana mtu mwingine atafanya hesabu zake akidhani nukta yako ni ya kweli.

Kisha kagua mahali pengine pote ambapo siri ile ile imejificha, kwani hapa ndipo wengi wanapovujisha. Simu huandika lokesheni ndani ya picha, kwa hiyo izime kabla ya kupiga au uifute kabla ya kutuma. Mwinuko kutoka usawa wa bahari ukiambatana na jina la kijito unatosha kumfikisha mtu. Ramani iliyochorwa vizuri inaweza kusomwa kinyumenyume mpaka itoe nukta ulizozificha kwenye jedwali. Hata shukrani zako za mwisho, ukimtaja kwa jina na kitongoji mzee aliyekuonesha mwamba, zimeshamwelekeza mgeni kwenye mlango wa mzee huyo.

Nukta kamili usizizike. Zikabidhi kwa mwenye dhamana: hifadhi, wakala wa misitu, hebaria ya chuo. Na usiwafiche wavuvi wala wanakijiji mahali walipokuonesha wenyewe. Wapelekee ramani kamili, kwa karatasi, kikaoni. Vilevile usifiche kinachojulikana: kwamba Tanga kuna silikanti, hilo limo hata kwenye jina la hifadhi.

Watu

Hapa naomba usome polepole.

Uvuvi wa baruti umeitesa pwani ya Tanga kwa miongo mingi. Kila anayetafiti matumbawe, kipato cha wavuvi au lishe ya pwani ataukuta. Na kila mvuvi wa Kigombe, Moa au Sahare anajua mambo ambayo yakitajwa kwa jina lake yanaweza kumgharimu nyavu, chombo, au zaidi ya hapo. Anakuambia kwa kuwa umekaa naye na kunywa kahawa yake. Wewe utaondoka, yeye atakutana na aliowataja kesho asubuhi kwenye mnada wa samaki.

Ulinzi ulio bora kuliko wote ni kutokusanya kisichohitajika. Ukitaka kujua milipuko imeongezeka au imepungua, uliza "mwezi uliopita ulisikia mara ngapi, na upande gani?" Usiulize nani. Mvuvi akianza kutaja majina, weka kalamu chini na umwambie kwa adabu kwamba hayo hayahitajiki. Kuna wakati unaweza kuacha kabisa kuuliza watu: vipaza sauti vya chini ya maji vimekwisha kutumika pwani ya Tanzania kuhesabu milipuko na kukadiria inatokea wapi. Takwimu za namna hiyo unaweza kuzifungua zote, kwa kuwa hakuna mtu aliyezitoa.

Pale inapobidi uhoji watu, jina na majibu visilale pamoja hata usiku mmoja. Kwenye kishikwambi weka namba tu. Orodha inayounganisha namba na jina iwe kwenye karatasi moja, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na nyumba uliyofikia. Kishikwambi na kompyuta mpakato viwe na nywila na vifungwe kwa usimbaji, ili vikiibwa kwenye daladala mwizi apate chuma tu. Sauti uliyorekodi ni kama jina, kwa sababu Tanga mtu anatambulikana kwa salamu. Iandike, ihakiki, kisha ifute kwa tarehe uliyoiahidi kwenye fomu ya ridhaa.

Kufuta jina pekee hakutoshi. "Mwanamke, miaka 58, mmiliki wa mashua mbili, kijiji fulani" ni mtu mmoja tu, na kila msomaji wa kijiji hicho atamjua kabla hajamaliza sentensi. Panua umri uwe wa miaka kumi kumi, unganisha vijiji viwe ukanda, na kundi lisilofika watu watano usilichapishe peke yake. Kabla ya kutoa tasnifu, mpe mtu mmoja wa pwani asome sura ya matokeo na umuulize swali moja: umemtambua nani? Akitaja hata mmoja, rudi ukaandike upya.

Na fikiria unaonekana na nani. Ukitembezwa kijijini na bwana samaki, au ukihojia kwenye baraza ya mwenyekiti, kila aliyekaa mbele yako amekwisha kujibu kwa hesabu. Toa salamu zote ofisini siku ya kwanza, onesha barua zako, waeleze wazee na kamati ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za pwani, unachokitafuta. Siku zinazofuata omba uachwe utembee na mtu ambaye hana mamlaka juu ya unaowahoji. Wanawake wanaokaanga na kuuza samaki wahojiwe na mwanamke, mahali wanapopachagua wao.

Sheria nayo ipo upande huu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inazipa taarifa nyeti, za afya na vinasaba zikiwemo, ulinzi wa pekee. Ina masharti pia juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mhadhiri anayempelekea mwenzake wa Ulaya jedwali la wagonjwa kwa baruapepe, na majina yakiwemo, amekiuka ahadi aliyowapa wagonjwa na huenda amevunja sheria. Usimwahidi mtu, hata hivyo, kwamba siri yake haitafunguliwa kamwe. Mahakama inaweza kudai. Mwambie ukweli huo, kisha hakikisha huna la kudaiwa.

Sampuli

Kwa vimelea hatari kanuni ni fupi: kilicho hai kibaki, kilichokufa kisafiri. Kwa maswali mengi ya kisayansi vinasaba vilivyochujwa, ambavyo haviwezi kumwambukiza mtu, vinatosha kabisa. Bakteria wenyewe wakae kwenye maabara ya ndani yenye uwezo wa kuwatunza.

Ikibidi wasafiri, vimelea vya tauni vilivyooteshwa maabara vina namba yake ya kimataifa, UN 2814, vina ufungaji wa tabaka tatu, na vinabebwa na aliyefunzwa kubeba. Sampuli za kawaida za wagonjwa ni UN 3373. Namba hizo ziandikwe nje ya kifurushi, kwa herufi za kusomeka, na yaliyomo yatajwe kwa jina lake. Msafirishaji ana haki ya kujua.

Pamoja na sampuli iende hati ya makubaliano ya kuhamisha sampuli, ambayo NIMR inaitaka kwa utafiti wa afya. Isome yote, usisaini ukurasa wa mwisho tu. Inasema sampuli zitumike kwa swali gani? Mbia wako anaruhusiwa kumpa mtu wa tatu? Zitarudi au zitateketezwa, lini, na nani atashuhudia? Kikigunduliwa cha biashara, Tanga inapata nini? Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inatoa msingi wa kudai mgao wa manufaa ya rasilimali za vinasaba, lakini haidai kwa niaba yako kama hukuandika. Na kumbuka kwamba mfuatano wa vinasaba ukishapakiwa mtandaoni hauhitaji tena sampuli. Nchi zimeliona pengo hilo: Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ili kampuni zinazonufaika na taarifa hizo zichangie. Bado wewe ndiye unayepaswa kuandika kwenye rekodi nchi na eneo sampuli ilipotoka, ili ifuatilike.

Halafu daftari. Kila kichupa na namba yake, siku kilipoingia frizani, nani aliweka, nani alitoa. Kila mwezi watu wawili wahesabu pamoja na kutia sahihi. Kikikosekana kimoja, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mkuu wa maabara, kwa maandishi. Katika kisa cha Lubbock swali lililowasumbua wote, mtuhumiwa na wapelelezi, lilikuwa kama vichupa viliharibiwa, viliibwa au havikuwapo. Daftari linalojazwa kila mwezi ndilo linaloweza kulijibu swali kama hilo, na linamlinda mtafiti mwaminifu kuliko wakili yeyote.

Usifunge kwa woga

Baada ya yote haya kuna hatari ya mwanafunzi kujifungia kila kitu kabatini, na hilo linaniudhi zaidi kuliko uzembe, kwa sababu linaonekana kama busara. Nchi yetu imepitia kipindi cha woga huo. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopinga zile rasmi. Mwaka 2019 Bunge likayabadilisha na kuondoa tishio hilo kwa watafiti. Lakini woga hauondoki siku moja na sheria iliyouleta, na bado wapo wasimamizi wanaomshauri mwanafunzi aache kutaja idadi isiyopendeza. Ukikutana na ushauri huo, rudi kwenye yale maswali mawili. Aibu ya ofisi si madhara. Nani ataumia idadi ikifichwa?

Mfano wa kufuata upo Korogwe. Kituo cha NIMR cha huko kilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, kwa watoto 15,459. Majina ya watoto hao yamefungwa mpaka leo. Matokeo yalifunguliwa yote, hata yasiyofurahisha: kwamba kinga ilipungua kadiri muda ulivyopita na kubaki karibu asilimia 36 kwa miaka minne kwa watoto wakubwa kidogo waliopata dozi ya nyongeza, na kwamba kulionekana ongezeko la homa ya uti wa mgongo lililohitaji kuchunguzwa. Lilichunguzwa zaidi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Kufunga majina na kufungua matokeo vilikwenda pamoja. Mzazi asingemleta mtoto kama asingeamini la kwanza, na dunia isingeiamini chanjo bila la pili.

Uwazi uanzie pale takwimu zilipotoka. Makala ya Kiingereza kwenye jarida la kulipia, kwa mganga wa Mlalo au mvuvi wa Mwarongo, ni kabati lililofungwa. Andika kurasa mbili za Kiswahili. Zipeleke mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, kwenye ofisi ya mganga mkuu, kwenye mnada, na uwe tayari kusahihishwa hapo hapo. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha, ili kama kuna mtu au mahali umepafunua bila kujua wakuambie mapema. Watu wa pwani wamewachoka watafiti wa waja leo waondoka leo. Ukirudi na karatasi mkononi, anayekufuata atapokelewa vizuri zaidi.

Siku ya kukabidhi

Wanafunzi wengi humaliza vizuri na kuvuja baada ya hapo. Shahada imepatikana, kompyuta mpakato imeuzwa kwa fundi mtaani, flashi yenye mahojiano ameazimwa mtu akawekee nyimbo za harusi. Kabla ya kutetea tasnifu, kaeni wewe na msimamizi mwandike nani anashika nini: matokeo na takwimu zilizosafishwa ziende kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, wazi; nukta kamili kwa mwenye dhamana, na risiti yake; na ile karatasi ya majina kwa msimamizi, na tarehe ya kuichoma. Andikeni pia nani atajibu maombi ya zile takwimu za masharti utakapokuwa umehamia kazini Dodoma.

Kisha lifungue lile kundi la WhatsApp mlilolitumia kuratibu safari, ambamo kwa miezi yote mmetumiana picha za fomu, nukta za GPS na sauti za wazee. Kulifuta kwenye simu yako hakuyafuti kwenye simu za wenzako. Waombe mmoja mmoja, hata yule dereva, na usiseme umemaliza mpaka wa mwisho ajibu kwamba amefuta.